Laptopu ya SDR kwenye Linux: anza na tundu la USB, jina la prosesa baadaye

Wakuu, mtu akitaka laptopu ya SDR (redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na programu ndani ya kompyuta) maswali ni yaleyale, i5 au i7, Dell au HP, ina kadi ya grafiki au haina. Swali lenye uzito huwa halisemwi kabisa, nalo ni sampuli ngapi kwa sekunde (yaani vipimo vya mawimbi ambavyo kidude cha redio kinaituma kompyuta) zitaingia kwenye hiyo mashine. Mwisho wake mtu anabeba laptopu ya gemu ya bei mbaya, betri haifiki saa mbili na chaja yake inamwaga kelele kwenye masafa yote anayotaka kusikiliza. Mi nasema anza na kidude chenyewe cha redio, piga hesabu, alafu ndo utafute mashine, na usitoe hata shilingi mpaka umechomeka kidude chako mwenyewe kwenye hiyo laptopu palepale dukani ikiwa inaendesha Linux.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Kidude ambacho wengi tunaanzia ni RTL-SDR. Chipu yake ya RTL2832U ilitengenezwa na Realtek kwa ajili ya kuangalia TV ya DVB-T (TV ya kidijitali ya antena) kwenye kompyuta, mwaka 2012 ndo ikajulikana kwa wengi kwamba inaweza kutoa sampuli ghafi, na toka hapo mtu wa kawaida akapata redio inayosikia kuanzia kama 24 MHz mpaka 1.7 GHz kwa hela ndogo. Inatoa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde bila kupoteza, kila sampuli ina baiti 2, kwahiyo ni MB 4.8 kila sekunde. Hizo ni chache sana, hata laptopu ya miaka mingi nyuma inazipokea bila shida. Ukihamia HackRF One ya Great Scott Gadgets unafika sampuli milioni 20, hiyo ni MB 40 kwa sekunde, na USB 2.0 pamoja na kwamba kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa vitendo inabeba MB 35 mpaka 40 hivi, yaani HackRF peke yake inaijaza njia nzima na ukichomeka kitu kingine kwenye njia hiyohiyo sampuli zinaanza kudondoka. Alafu kuna wakubwa kina USRP B210 ya Ettus na LimeSDR, hawa wanataka USB 3.0. B210 ikienda sampuli milioni 56 za baiti 4 kila moja unaongelea MB 224 kila sekunde, hapo hata diski yako inaulizwa maswali.

Sasa jiulize unataka kufanya nini. Kama ni kusikiliza FM, kuona ndege kwenye 1090 MHz kwa programu ya dump1090, au upo Dar, Tanga, Mombasa unataka kuona meli zinazoingia bandarini kwa AIS (ishara ambazo meli zinajitambulisha nazo) kwenye 161.975 na 162.025 MHz, kazi hizo hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inazifanya, usijitese na mashine kubwa. Kama ni picha za satelaiti za hali ya hewa, kumbuka NOAA 15, 18 na 19 ambazo maelekezo mengi ya zamani yanazitaja zilizimwa zote mwaka 2025, zinazopokelewa kirahisi sasahivi kwenye 137 MHz ni Meteor za Urusi, na programu ya SatDump inazisoma vizuri kwa laptopu ya kawaida tu. Mzigo unaanza pale unapotaka kuandika vitu vyako kwenye GNU Radio (programu ya kujenga redio yako kwa kuchora visanduku na kuviunganisha), au kufungua upana wote wa HackRF huku unasikiliza stesheni tatu nne kwa pamoja, au kuendesha programu ya SDRangel ambayo ni nzito kweli.

Na hapo ndo prosesa inaingia. GNU Radio inakipa kila kisanduku unachochora uzi wake wa kazi, kwahiyo kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) nyingi zinasaidia moja kwa moja kuliko prosesa ya kori mbili yenye spidi kubwa. Kwenye laptopu za Intel za maofisini kuna mpaka mmoja mkubwa wa kuukumbuka, nao ni kizazi cha saba kwenda cha nane. i5-7200U ina kori 2, i5-8250U ina kori 4, na usidanganyike na neno i7 maana hata i7 za kizazi cha saba zinazoishia na herufi U bado ni kori 2. Muuzaji anaweza kukuwekea i7 ya kizazi cha sita juu ya meza kwa bei ya juu kuliko i5 ya kizazi cha nane, na kwa kazi yetu i5 ndo inashinda, tena mbali. Soma namba baada ya jina, 8250U, 8350U, 10210U, hiyo tarakimu ya kwanza (au mbili za kwanza kama ni 10 kwenda juu) ndo kizazi. Ryzen za kori 4 au 6 nazo ni nzuri sana, sema hapa mtaani hazionekani kwa wingi kama Intel.

Kitu kingine ni AVX2, maagizo ya ndani ya prosesa yanayofanya mahesabu mengi kwa mpigo mmoja. GNU Radio inafanya mahesabu yake mengi kwa kutumia VOLK, maktaba inayochagua njia ya haraka kulingana na maagizo ambayo prosesa inayajua. Core i za kizazi cha nne, mwaka 2013, kuja juu zina AVX2. Celeron kama N4020 zinazouzwa mpya kabisa kwenye boksi na stika inang'aa hazina hata AVX ya kwanza, zina kori 2 dhaifu na diski ya eMMC iliyounganishwa kwenye bodi huwezi kuibadilisha. Naumia nikiona mwanafunzi wa uhandisi kanunuliwa hiyo na wazazi kwa sababu tu ni mpya, wakati kwa hela hiyohiyo angepata ThinkPad iliyotumika yenye nguvu mara kadhaa. Ukiwa na Linux mbele yako andika

lscpu | grep avx2

kama haijarudisha kitu, achana nayo.

Mashine ambazo mi ningeziangalia kwanza ni ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 5490 na 7490. Zote ni za maofisini, nyingi zinakuja na kizazi cha nane, na nyingi zinatoka Uingereza na Dubai zikiwa zimetumika na zinauzwa Kariakoo na maduka ya katikati ya Nairobi kila siku. Hizi zinaendesha Linux bila kugombana, firmware (programu za ndani ya mashine yenyewe) za Lenovo na Dell mara nyingi unaweza kuzisasisha ukiwa ndani ya Linux kwa programu ya fwupd, RAM na diski unafungua unabadilisha, vipuri vipo. T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaichomoa unaweka nyingine bila kuzima mashine, kwa mtu anayepanda juu ya paa au kwenda shambani kufukuza satelaiti hiyo ni raha. Angalia tu matundu yake ya USB-C yote yanafanya kazi, maana ile firmware ya zamani ya Thunderbolt, inayosimamia matundu hayo, ilikuwa na shida na Lenovo wakatoa marekebisho, kwahiyo mashine ambayo haikusasishwa inaweza kuwa tundu limeshakufa.

Kama hela haitoshi kizazi cha sita na cha saba kimeshuka sana, kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 karibu zote hizo haizikubali rasmi. Kwa mtu wa Linux hiyo ni baraka tupu, mashine ni nzima kabisa na RTL-SDR inaendesha vizuri tu, ila jua umechukua kori 2 na HackRF kwa upana wake wote itakusumbua.

Kadi ya grafiki ya NVIDIA hauihitaji. Picha ya maporomoko ya masafa (ile inayoshuka kwenye skrini ikionyesha ishara zilizopo kwenye kila masafa) kwenye programu ya SDR++ inachorwa na grafiki, lakini ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa inatosha, draiva yake ipo tayari ndani ya kerneli (moyo wa Linux) na haikuletei ugomvi kila unaposasisha mfumo. NVIDIA inaongeza joto, inakula betri, na ukija kusasisha kerneli siku unayotaka kupokea satelaiti inayopita dakika kumi tu unaweza kujikuta unahangaika na skrini nyeusi. Waifai tafuta ya Intel, hizo zinawaka zenyewe. Broadcom nyingi zinataka draiva ya pembeni iliyofungwa, na zingine za Realtek ni bahati nasibu.

Sasa jambo ambalo nalipenda zaidi na ndo linaachwa nyuma siku zote, kelele. Laptopu ni kiwanda cha mawimbi, chaja yake inakata umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, skrini ina mapigo yake ya umeme, USB 3.0 nayo ina kelele zake, na wewe unaenda kuweka kando yake sikio linalotafuta ishara dhaifu kuliko kitu chochote. Ukitaka masafa mafupi, zile stesheni za mbali na maamateur (watu wanaorusha redio kama hobi) chini ya 30 MHz, chaja mbovu inaweza kufunika kila kitu, unaona mistari imepangana sawasawa kwenye maporomoko kama meno ya kitana, chomoa chaja na yote inapotea. Ndo maana nasisitiza betri. Betri kwetu sio tu kwa sababu TANESCO wamekata umeme, betri ndo hali ambayo redio yako inasikia vizuri kuliko zote, kwahiyo laptopu yenye saa tano za betri ni chombo bora cha kupokelea kuliko laptopu yenye prosesa kali inayoishi kwenye soketi. Na chaja feki za bei ya chini ndo mbaya zaidi kwa hili kwa sababu vichujio vya kuzuia kelele mara nyingi vimeondolewa kubana gharama, hivyo ukinunua mashine iliyotumika dai chaja halisi ya kampuni.

Kuhusu USB 3.0, Intel wenyewe walitoa andiko mwaka 2012 kuonyesha inavyomwaga kelele karibu na 2.4 GHz. Diski ya nje ya USB 3.0 ikiwa imelala karibu na antena yako unaweza kuona sakafu ya kelele inapanda. Dawa ni waya wa kurefusha USB, mita moja na nusu au mbili, wenye kile kipande kinene cha feraiti kinachozuia kelele, uweke kidude mbali na laptopu. Waya huo una faida nyingine ambayo utaishukuru baada ya mwaka, unaokoa tundu la laptopu, maana RTL-SDR iliyochomekwa moja kwa moja ikiwa na waya mzito wa antena unaoning'inia inalipinda tundu taratibu mpaka linalegea. Vidude vya USB 2.0 kama RTL-SDR na HackRF havipati faida ya spidi kwenye tundu la bluu (la USB 3.0), ila vinafanya kazi humo bila tatizo.

Idadi ya matundu na mpangilio wake pia uangalie. Laptopu mpya nyembamba zina USB-C mbili tu na moja ni ya chaja, ukishaanza kuongeza vigawanyio vya bei rahisi ndo sampuli zinaanza kupotea na hujui mchawi nani. Nataka angalau USB-A mbili. Na amri ya

lsusb -t

inakuonyesha mti mzima, nani kakaa njia moja na nani, ukiona 480M ni USB 2.0 na 5000M ni USB 3.0, kidude cha USB 3.0 kikionyesha 480M basi tundu au waya una tatizo.

Diski iwe SSD, hapa hamna mjadala. Ukirekodi RTL-SDR ikiwa ghafi ni GB 17 na kidogo kwa saa. Programu ya Gqrx inarekodi kila sampuli kwa baiti 8 kwahiyo saa hiyohiyo moja inakuwa kama GB 69, na HackRF kwa spidi yake ya juu ni GB 144 kwa saa. GB 256 inajaa upesi kuliko unavyofikiri, bora 512 au mashine yenye nafasi ya kuongeza. RAM GB 8 inatosha kusikiliza, 16 ndo starehe, hasa ukianza kujenga moduli za GNU Radio kutoka kwenye msimbo maana kutumia kori zote kwa pamoja kunakula RAM mpaka mashine inaganda. Skrini chukua 1920 kwa 1080. Kuna laptopu nyingi za ofisini zenye 1366 kwa 768, zinafanana kabisa kwa nje, ukifungua GNU Radio Companion humo visanduku vinabanana mpaka unachoka.

Tuje dukani. Kabla hujaenda andaa flashi ya GB 16 au zaidi yenye DragonOS, hii ni Linux iliyojengwa juu ya Lubuntu ikiwa tayari imejazwa programu za SDR, Gqrx, SDR++, GNU Radio, SDRangel, zote zimo, kwahiyo hauhitaji intaneti ya dukani. Beba kidude chako, waya wa kurefusha na antena ndogo. Mwambie muuzaji kwa heshima, kaka naomba niijaribu kwa mfumo wangu, sigusi diski yako, natumia flashi tu. Wengi wanakubali, na anayekataa kabisa bila sababu mi namshukuru naenda duka la pili.

Kitu cha kwanza ingia BIOS. Ikikuomba paswedi ambayo muuzaji haijui simama hapohapo, mashine za makampuni zinafungwa huko ndani na kwenye ThinkPad ile paswedi ya msimamizi haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, fundi akikwambia ataitoa kesho usikubali kulipa leo. Angalia pia kama kuna Computrace au Absolute (mfumo wa kufuatilia na kufunga mashine kwa mbali) imewashwa. Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za mfumo wakati wa kuwaka) isikutishe, vidude vyetu vinaendeshwa kwa maktaba ya libusb nje ya kerneli kwahiyo kwa RTL-SDR, HackRF na Airspy (kidude kingine cha SDR) hauhitaji moduli ya kusaini. Ikigoma kuwaka kwa flashi izime tu kwa muda.

Ikishawaka chomeka kidude kwenye kila tundu, sio moja, kila moja, na kila mara endesha

rtl_test -s 2400000

iache dakika mbili tatu. Mwanzoni inaweza kusema imepoteza baiti kidogo, hiyo kawaida, lakini ikiendelea kusema hivyo kila baada ya muda basi tundu hilo ni bovu au mashine inashindwa. Ikikuambia haiwezi kukishika kidude, error -6, ni ile draiva ya TV ya kerneli imewahi kukikamata, andika sudo rmmod dvb_usb_rtl28xxu alafu rudia. Ukimaliza fungua SDR++ au Gqrx, weka stesheni ya FM ya mjini, acha iimbe dakika ishirini huku umefungua video na vitu vingine juu yake. Sikiliza sauti kama inakatika na usikie feni. Amri ya sensors itakuonyesha joto, ikipanda karibu na nyuzi 95 na sauti inaanza kukatika, prosesa inajipunguza spidi ili isiungue, mara nyingi ni vumbi na pesti iliyokauka, inatengenezeka kwa fundi lakini iwe sababu ya kushusha bei.

Alafu chomoa chaja, chomeka, chomoa tena huku unaangalia maporomoko, uone kelele zinavyokuja na kuondoka. Hicho kipimo hakuna karatasi ya muuzaji inayoweza kukupa. Dukani kuna kelele za kila aina, taa, TV, chaja za simu, kwahiyo usiangalie ukubwa wa kelele yenyewe, angalia tofauti kati ya kuchomeka na kuchomoa. Mwisho kabisa ni betri, amri ya upower -d inakupa nguvu iliyobaki kulinganisha na ya kiwandani, chini ya asilimia 60 hesabu bei ya betri mpya ndani ya maelewano.

Ukiifikisha nyumbani weka Debian, Ubuntu au Linux Mint, au ubaki na DragonOS yenyewe, zote sawa. Kwa familia ya Debian ni

sudo apt install rtl-sdr gqrx-sdr gnuradio

na ile draiva ya TV uizuie moja kwa moja

echo 'blacklist dvb_usb_rtl28xxu' | sudo tee /etc/modprobe.d/rtlsdr.conf

Wenye RTL-SDR Blog V4 watumie toleo jipya la mfumo au draiva ya waliokitengeneza, zile za zamani haziijui na itaonekana kama kiziwi. Endesha volk_profile mara moja uiache mpaka imalize, inapima njia zote za mahesabu kwenye prosesa yako na kuandika iliyo ya haraka, kuanzia hapo GNU Radio inaitumia. Ukiweka TLP (programu ya kubana matumizi ya umeme) ili betri idumu angalia isizimishe kidude katikati ya kazi, kwenye mipangilio yake weka USB_AUTOSUSPEND=0. Ukienda kwenye USRP au kitu kingine cha spidi kubwa na sampuli zinapotea wakati prosesa inapumua tu, ongeza nafasi ya USB ambayo kwa kawaida ni MB 16

echo 256 | sudo tee /sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb

Na wenye HackRF, LimeSDR au USRP, hivyo vinarusha pia. Kupokea matangazo ya FM au picha ya Meteor ni kitu kimoja, kurusha ni kingine kabisa, Tanzania leseni ni ya TCRA na Kenya ni Communications Authority, mpaka uipate fungia tundu la antena mzigo wa omu 50 ukijaribu kurusha chochote mezani.